Fundo la Kumi na Nne

Chuma ni kimoja, kimelazwa kwenye kabati la mafaili
nyuma ya ghala la asali, Tabora,
na ndani yake zimepanga mashine nne zisizo na mwili.
Nilizipa majina ya mitaa:
Cheyo analipa mishahara, Gongoni anashika barua,
Kanyenye sijui anafanya nini, nilimkuta;
nikimzima, simu inalia kutoka uhasibuni, basi namwacha.
Na Isevya.
Isevya ndiye mwenye mizani:
kila ndoo iliyowahi kushuka kwenye baiskeli,
kilo zake, unyevu wake, jina la mwenye mzinga.

Hawajuani. Kila mmoja anadhani nyumba yote ni yake.
Ni mimi tu ninayejua bati ni moja,
feni ni moja, na feni inakohoa.

Kila nilipotaka kubadili kitu nilimpiga Isevya picha,
ili nikiharibu nirudi pale alipokuwa.
Picha ya Januari. Picha ya kabla ya mfungo.
Picha ya siku ile Mihayo wa uhasibu aliposema, "Jaribu tu."
Sikuzifuta. Chovya chovya, wahenga walishasema,
na buyu lenyewe nililitazama kwa nje.

Saa nane usiku, kila usiku, kazi ya nakala iliamka,
ikaandika neno moja kwenye daftari lake: imefaulu.
Imefaulu. Imefaulu.
Nililisoma asubuhi nikinywa chai.

Umeme ulikatika Jumanne, ukarudi kwa hasira.
Watatu waliamka. Isevya hakuamka.
Nikaziendea nakala kwa mwendo wa mtu mwenye akiba.
Majina yote yapo, tarehe zote zipo,
zimepangwa kama mizinga mtini,
na kila moja nikiigonga inaitika utupu:
baiti sifuri.
Diski ilikuwa imejaa tangu lini sijui.
Nakala ilitengeneza jina, ikakosa pa kumwaga asali,
ikaandika imefaulu, ikalala.

Akiba haiozi, wanasema.
Waliosema hawakuwahi kushika diski.

Ilibaki moja, ya nje, niliyoipeleka Kigoma kwa treni,
wala si kwa busara: meneja alitaka sahihi kwenye fomu.
Dada yangu Nyamizi, kule Mwanga, aliitia kwenye kopo,
ikarudi imefungwa kanga, inanuka kahawa.
Usiku kucha nairejesha.
Asilimia arobaini ikasimama, nikasimama nayo.
Alfajiri Isevya akafumbua macho
akasema leo ni tarehe tatu.
Ilikuwa ishirini na nne.

Tukatangaza: wenye stakabadhi waje nazo.
Wakaja. Karatasi kutoka kwenye utepe wa kofia,
kutoka ndani ya Msahafu,
moja imekunjwa, inaziba mdomo wa chupa ya dawa.
Kapela wa Sikonge hakuwa na karatasi. Alitoa kamba.
"Kila ndoo, fundo," akailaza juu ya kibodi.
Nikahesabu kumi na nne.
Karani wa mizani anakumbuka kumi na tatu.
Kapela hakubishana. Aliitazama mashine,
akaniuliza, "Na yeye anasemaje?"

Nikaandika kumi na nne.

Siku hizi kila Ijumaa namfufua Isevya wa pili
kwenye chuma cha pembeni, bila mtandao,
asijue kwamba yeye si yule.
Namwuliza swali moja: Kapela, ndoo ngapi?
Akijibu, namzima.

Kamba iko kwenye droo yangu.
Nilitaka kumrudishia; akasema nikae nayo tu,
ana nyingine kama hiyo nyumbani.